UZI: Mwalimu wa jiografia aliyetuzoesha kuuliza "haya maji yanaenda wapi?"

#1 Mleta uzi

Mbukwenyi wakuu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite arudi jioni. Nimesoma humu mada nyingi za watu kulalamikia jiografia, kwamba lilikuwa somo la kukariri nchi gani inalima nini na volkano ipi iko wapi, ukitoka kwenye pepa umeshasahau. Mimi nilisoma sekondari ya kata huku Chamwino, Dodoma, maktaba hakuna, maabara ilikuwa chumba chenye meza tupu, na bado jiografia ndiyo imenifanya mpaka leo nikisafiri sisinzii, naangalia dirishani mwanzo mwisho. Sababu ni mwalimu mmoja. Jina silitaji, ni mzee mstaafu anaishi zake kwa amani na sijamuomba ruhusa, humu nitamuita Mwalimu tu, waliopita mikononi mwake watamjua.

Alikuwa anaingia darasani na chaki, futi kamba, na kipande cha bomba la maji la plastiki ambalo ndani amekunja ramani. Ile ramani ya serikali ya skeli ya 1:50,000, yenye kontua za rangi ya kahawia (ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja), aliinunua kwa hela yake mwenyewe. Notsi za Kiingereza alitupa kama walimu wengine maana mtihani ndio ulivyo, ila zilikuwa zinakuja mwisho kabisa, baada ya sisi kuwa tumeshakiona kitu chenyewe na kukibishania kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza kumuelewa ilikuwa mvua za Desemba, tuko fomu wani. Huku kwetu mnajua mvua ni msimu mmoja tu, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, miezi mingine ni vumbi. Sasa ile mvua ya kwanza kubwa ikapiga bati darasa zima hakuna anayesikia kitu, yeye akaacha kufundisha akasimama mlangoni anaangalia uwanja unavyotiririka, ilipopungua akageuka akauliza: haya maji yanaenda wapi? Tukajibu bondeni. Bondeni wapi? Korongoni. Korongo linaenda wapi? Kimya. Watoto sisi tumezaliwa pale, tumechunga mbuzi kwenye lile korongo, tumechimba mchanga wake kiangazi tupate maji ya kunywa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua linaishia wapi.

Basi Jumamosi yake tukalifuata kwa miguu mpaka pale lilipoingia kwenye korongo kubwa zaidi, tukapumzika chini ya mbuyu, akachomoa ramani kwenye lile bomba akaitandaza chini akaiwekea mawe kwenye kona. Akatuonyesha tulipo. Halafu kidole kikaanza kwenda, hili linaingia Kinyasungwe, Kinyasungwe inaelekea mashariki inapita Gulwe, inakuwa Mkondoa, inashuka kwenye milima mpaka Kilosa, inaungana na Wami, na Wami inamwaga Bahari ya Hindi pale Saadani juu ya Bagamoyo. Ramani yake iliishia mbali sana kabla ya bahari, kwa hiyo iliyobaki alichora mchangani kwa kijiti. Na alikuwa mkweli, alituambia maji mengi yananyonywa na jua na mengine yanazama njiani, ila njia ndiyo hiyo, mwaka wa mvua kubwa yanafika kweli. Mimi bahari nilikuwa sijawahi kuiona. Kujua kwamba korongo letu lina mlango wake baharini kulinikaa kichwani kwa namna ambayo siwezi kuielezea vizuri.

Halafu akatuongezea kitu ambacho nikimwambia mtu wa Dodoma leo hii bado anashangaa. Mkoa wetu huu mmoja maji yake yanaenda njia tatu tofauti. Yanayoelekea Kinyasungwe yanaenda Wami kama nilivyosema. Ya kusini, upande wa Mtera, yanaingia Ruaha Mkuu kisha Rufiji, kwa hiyo yanapita kwenye mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, na siku hizi ongezeni bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115. Na ya magharibi, mto Bubu unatoka nyanda za juu za Kondoa unashuka kusini mpaka Bahi na hapo ndio mwisho wa safari, hautoki, unatanda kwenye lile bwawa wengine wanaita Sulunga, unabaki pale kwenye kina cha Bonde la Ufa mpaka jua liukaushe. Kwa hiyo ukisimama kwenye vilima fulani vya mkoa huu, mvua ikianguka kulia kwako na ikianguka kushoto kwako ni safari mbili zisizokutana tena.

Ndio mtihani aliokuwa anautoa. Anakutajia kijiji, wewe uyasafirishe maji yake mpaka mwisho kwa kutaja mito. Ukikosea anakuuliza kilima gani umekiruka.

Naendelea chini, nimechoka kuandika kwa simu.

#2 Mleta uzi

Sasa kivuli.

Uwanjani tulichomeka ufito wa mita moja, umenyooka kwa timazi, na monita wa wiki kazi yake kila Jumatano kuanzia saa sita kamili anaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Tulikuwa tunaamini saa sita kamili ndio jua utosini. Vile vijiwe vikakataa. Kivuli kiliendelea kufupika mpaka saa sita na nusu huko ndio kikaanza kurefuka tena. Mwalimu hakutupa jibu, alituacha tubishane, wengine wakasema saa ya ofisini imekosewa, ikaletwa redio tukasikiliza saa, iko sawa.

Baada ya hapo ndipo akaleta longitudo. Akasema saa ya Tanzania nzima, Kenya na Uganda imepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao wala haupiti ardhi yetu, uko huko baharini na Somalia. Dodoma iko karibu nyuzi 35 na dakika 44 (dakika za pembe, nyuzi moja ina 60, sio za saa). Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Pigeni hesabu. Tukapiga, ikaja dakika 37. Darasa lililipuka kwa makofi, na hii ni topiki ambayo shule nyingine watoto wanaikimbia kwenye mtihani.

Na katika mwaka kuna siku mbili ule ufito haukuwa na kivuli kabisa ikifika adhuhuri ya jua, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, maana sisi tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta na jua linapita juu yetu likienda na likirudi. Mwezi wa sita kivuli kinalala kusini, Desemba kinalala kaskazini. Mafundi wazuri wa nyumba wanayajua haya kwa uzoefu, sisi tuliyajua kwa kijiti.

#3 Mchangiaji (Kondoa)

Mkuu nimekaa nimesoma yote. Mimi natokea Kondoa na huyo mwalimu wako angetufaa sana kwetu, ukitaka kumfundisha mtoto mmomonyoko usimpe kitabu mlete Kondoa. Babu yangu alikuwa anasimulia makorongo yalivyokuwa yanakula mashamba, unalala una shamba unaamka kipande hakipo. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, wakapiga matuta, wakapanda miti, haikutosha, ndipo 1979 serikali ikaamua mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Hebu fikiria kumwambia Mrangi wa miaka ile aondoe ng'ombe. Watu waliumia, wengine walihamishia mifugo kwa ndugu mbali kabisa na wengine hawakusamehe mpaka wanaingia kaburini. Lakini nyasi zilirudi, miti ikarudi, na mito ya mchanga iliyokuwa mipana ikaanza kusinyaa ikapata kingo. Baadaye ndio wakaruhusu ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa ndani. Mimi nimekua naliona lile eneo la kijani nikidhani limeumbwa hivyo.

#4 Mleta uzi

Ahsante sana ndugu yangu wa Kondoa, hiyo Mwalimu aliifundisha na alikuwa haifichi ile sehemu ya maumivu. Alisema ukiandika kwenye mtihani "destocking" (kuondoa mifugo) ukapata alama zako mbili kumbuka kuna mzee alilia siku hiyo. Alitaka tujue vyote viwili, kwamba ardhi ilipona na kwamba kuna watu waliilipia.

#5 Mchangiaji

Sawa mleta uzi ila hapo kwenye jua sikubaliani. Saa sita mchana jua liko utosini, hata bibi yangu anajua, ndiyo maana ikaitwa saa sita. Hizo dakika 37 mwalimu wenu aliwapiga fiksi.

#6 Mleta uzi

Mkuu usinibishie mimi, chukua mfano ambao kila mtu anao. Ramadhani ikifika, Dar wanafuturu kabla ya sisi Dodoma. Dar iko nyuzi 39 na kidogo, sisi 35 na kidogo, tofauti nyuzi tatu na nusu hivi, mara dakika nne, unapata dakika kama 14. Chukua ratiba ya futari ya Dar na ya Dodoma uweke pamoja utaona tofauti inacheza hapohapo. Nenda Kigoma, wao wanafuturu karibu dakika 40 baada ya Dar na saa za ukutani ni zilezile, na adhuhuri yao ya jua kwa wastani inafika kwenye saa saba mchana. Jua linatoka mashariki linatembea, linaanza kwa Dar, linakuja kwetu, linamalizia Kigoma. Bibi yako alikuwa sahihi kwa sababu bibi alikuwa anaangalia kivuli chake, hakuwa anaangalia saa.

#7 Mchangiaji (mwalimu)

Mimi ni mwalimu, nafundisha somo hilihili, mkoa siutaji. Naomba niseme upande wetu. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 90. Kipindi dakika 40. Mada za fomu tuu peke yake zinanimaliza. Nikiwatoa nje, nusu wanapotelea kwenye maembe. Mkaguzi akija anauliza umefika wapi kwenye silabasi, haulizi watoto wameelewa nini. Ramani kununua kwa mshahara wangu? Nampongeza huyo mwalimu kwa moyo wote lakini naomba asigeuzwe kuwa fimbo ya kutuchapia sisi tulio kazini sasa.

#8 Mleta uzi

Mwalimu shikamoo, na nimekusikia. Uko sahihi, na sijaanzisha uzi kumchapa mtu. Yeye mwenyewe alikuwa na darasa la watu wengi, sisi tulikaa watatu watatu kwenye dawati la wawili. Na kuna walimu wenzake walikuwa wanamuona anapoteza muda, mtihani wa mock ulikuwa unamtia presha kama wengine.

Nikuambie alivyokuwa anafanya, labda kuna kitu utachukua. Lile la kulifuata korongo lilikuwa mara moja moja tena Jumamosi kwa wanaotaka. Vitu vya kila wiki vyote vilikuwa ndani ya uwanja wa shule na havikuhitaji darasa zima litoke, anatuma watu wanne, wanarudi na namba, darasa linafanyia kazi zile namba. Kivuli watu wanne. Kipima mvua watu wawili, chupa ya maji ya lita moja na nusu imekatwa shingo na kugeuzwa iwe faneli, chini ameweka saruji kidogo kitako kiwe bapa, rula pembeni. Kila asubuhi ya masika wanasoma milimita wanaandika kwenye kaunta buku linaloning'inia nyuma ya mlango. Mwisho wa msimu tunajumlisha tunachora grafu, hapo kafundisha hali ya hewa, kafundisha takwimu, kafundisha na utafiti, na mada zote hizo ziko kwenye silabasi.

Na ile namba ikazaa kitu ambacho wazee wa kijiji wanakizungumzia mpaka leo. Enzi zetu tulikuwa tunakuja shule na dumu la maji, asiye na maji hasimami mstarini. Mwalimu akatupa zoezi: milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Dodoma kwa wastani tunapata kama milimita 570 kwa mwaka. Jengo letu la madarasa mawili tulilipima kwa futi kamba, mita 20 kwa 8. Kokotoeni. Ni lita 91,200. Kwa ndoo za lita ishirini ni ndoo 4,560, kila mwaka zinaanguka kwenye bati moja na kuondoka zao kuelekea Kinyasungwe. Hata ukitoa yanayorukia nje na ya kusafishia bati bado ni maji mengi mno. Alilipeleka lile zoezi kwenye kikao cha wazazi kama lilivyo, kwa mwandiko wa mwanafunzi, hakuongeza neno. Wakachangishana wakaweka mfereji upande mmoja wa paa na simtanki. Ile habari ya madumu haikuisha kabisa ila masika hatukubeba tena.

Kwa hiyo Mwalimu wangu usijilaumu kwa watoto 90. Anza na chupa.

#9 Mchangiaji (Kongwa)

Mmenikumbusha ya kwetu Kongwa. Mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 mpaka 1951. Walitaka mamilioni ya ekari za karanga Tanganyika ili wapate mafuta ya kupikia kwao baada ya vita, wakaleta matrekta, wakaleta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikawatesa. Udongo wetu mwekundu wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu ajabu na una mchanga mkali unaokula vyuma, majembe ya trekta yalikuwa yanaisha kama sabuni. Karanga zenyewe zinakomaa chini ya ardhi, sasa ardhi imekuwa saruji utazichomoaje? Na mvua nayo ikawakatalia. Zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Wagogo walikuwepo palepale wanalima mtama na uwele kwa miaka mingi, wanajua mvua yao na udongo wao. Nani aliwauliza?

#10 Mleta uzi

Umemaliza kila kitu kaka. Sisi Mwalimu alitupa Kongwa kama kesi, akatugawa makundi, kila kundi liandike barua kwa wale wapangaji kabla hawajaanza, mwaka 1946, uwaambie wapime nini kwanza. Kundi letu liliandika wapime mvua miaka kumi na wachimbe shimo la udongo kiangazi na masika. Kundi lingine liliandika mstari mmoja tu, waulizeni wenyeji kwa nini hawalimi karanga kwa wingi. Alilipa lile kundi alama zote.

Na hapohapo ndio alitufundisha kwa nini kwetu ni kukavu. Pepo zinatoka baharini zimebeba unyevu, zinakutana na milima, Uluguru, Nguru, Ukaguru, Rubeho, zinapanda zinapoa zinamwaga mvua kule, zikishuka upande wetu zimeshamaliza mzigo. Ndiyo maana Morogoro kijani na sisi tuna miiba, na safari yenyewe ni ya masaa machache. Hiyo si sababu pekee lakini ni ile unayoweza kuiona kwa macho yako ukiwa barabarani.

#11 Mchangiaji (visima)

Naomba niingie, mimi niko kwenye kazi ya kuchimba visima, Dodoma na Singida. Chini huku ni mwamba wa granite, mkongwe kupita maelezo, zaidi ya miaka bilioni mbili. Mwamba wenyewe haushiki maji, maji yako kwenye nyufa zake na kwenye ile sehemu ya juu iliyooza. Ndiyo maana jirani anapata maji na wewe hatua chache pembeni unapata vumbi. Bonde la Makutupora ndilo limeubeba mji huu kwa miaka, visima vya Mzakwe. (Makutupora ya hapa Dodoma jamani, sio ile ya Manyoni reli inapopita, watu wanazichanganya kila siku.) Pale kuna kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950 na zinaonyesha jambo ambalo mwalimu wenu angelipenda: miaka mingi ya mvua ya kawaida maji ya chini hayaongezeki, yanashuka taratibu, halafu unakuja mwaka mmoja wa mvua kubwa kama El Nino ya 1997/98 kina kinapanda kwa kishindo. Yaani tunakunywa mvua za miaka michache sana mikubwa. Sasa nauliza, na hayo maji ya chini nayo mwalimu alikuwa anauliza yanaenda wapi?

#12 Mleta uzi

Alikuwa anauliza yanatoka wapi! Hiyo ya El Nino sikuwa naijua kabisa, nimeisoma mara mbili, ahsante sana mkuu. Nitampelekea. Nikimtembelea cha kwanza anaulizia mvua ya huko nilikotoka ni milimita ngapi, sasa leo nina kitu cha kumfurahisha zaidi ya sukari na majani.

#13 Mchangiaji

Mleta uzi samahani natoka nje ya mada kidogo. Nataka kununua kiwanja Dodoma, mji umepanuka kweli tangu serikali ihamie, madalali kila kona. Hiyo elimu ya maji yanaenda wapi inanisaidiaje?

#14 Mleta uzi

Wala hujatoka nje ya mada, dada. Mimi kazi yangu ni uhasibu, wala sio jiografia, lakini kila ndugu anayenunua kiwanja huku ananichukua tukaangalie.

Usiende kiangazi peke yake. Dalali anapenda kukupeleka Agosti, pakavu, pazuri, tambarare. Tambarare huku kwetu mara nyingi maana yake maji yamepasawazisha. Angalia chini, ukiona mchanga msafi mwepesi kama wa kujengea umelala juu ya udongo, umeletwa na maji. Angalia takataka, makaratasi na majani makavu yaliyonasa kwenye miiba kwa usawa wa goti, huo ndio usawa wa maji ya mwaka jana. Udongo mweusi unaopasuka nyufa kubwa kiangazi ni wa mbuga, utavimba masika na kupasua ukuta wako. Waulize akina mama wanaoishi jirani, wao ndio wanaotoa maji ndani na ndoo. Na kama unaweza kupata ramani yenye kontua, tafuta zile zinazojikunja kama herufi V, ncha ya V inapoelekea mlimani hapo ni bonde, hata kama kwa macho huoni bonde lolote. Korongo linaweza kukaa miaka mitano limelala, watoto wanacheza mpira ndani yake. Mwaka wa sita linadai njia yake.

Makorongo mengi ya mjini yameshajengewa na hili linaniuma sana kwa kweli, maana ni elimu ya fomu wani. Mtu ana digrii zake, ameweka milioni zake zote kwenye msingi, na hakuna aliyewahi kumfundisha kutazama mteremko.

#15 Mchangiaji

Mimi nimepanda SGR juzi Dar kuja Dodoma, baada ya kusoma uzi huu nimejuta kulala! Kuna sehemu tunaingia kwenye mahandaki baada ya Kilosa, hiyo ndio milima mnayoisema?

#16 Mleta uzi

Ndiyo hiyohiyo. Pale unapanda kutoka nchi ya chini kuja kwenye uwanda wetu huu wa mita 1,100 na ushee. Reli ya zamani ya Mjerumani ilifuata bonde la Mkondoa kwa sababu ndio mlango wa asili, na kwa sababu hiyohiyo kila mvua kubwa kipande cha Kilosa mpaka Gulwe kilikuwa kinasombwa, mnakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 treni zilivyosimama. Maji yote ya Kinyasungwe na mchanga wote unaotoka kwenye mashamba na makorongo yetu huku juu unapita kwenye ile njia nyembamba. Tulifundishwa hivyo miaka mingi kabla. Ukirudi Dar kaa dirishani, ukishapita Gulwe anza kutafuta mto.

Na siku ukienda magharibi, ukitoka Bahi kuelekea Manyoni, angalia mbele utaona ukuta wa ardhi umesimama, gari linaanza kupanda. Hiyo ni kingo ya Bonde la Ufa, Kilimatinde iko juu yake. Sisi Mwalimu alitupeleka tukiwa fomu foo kwa lori la kijiji. Alitupanga pale juu tugeuke tuangalie tulikotoka, Bahi yote iko chini inang'aa maji, akasema huko chini nchi imekatika na kushuka, na nyie mmekaa kwenye ukingo wa ufa, huo mchoro wa kitabuni mliouchora mara kumi ndio huu, andikeni mnachokiona. Hakuongea tena kwa nusu saa nzima. Kwenye mtihani wa taifa swali la Bonde la Ufa lilikuja na nadhani hakuna aliyelikosa katika waliopanda lile lori, tuliandika kama tunaelezea nyumbani kwetu.

#17 Mchangiaji (mwalimu)

Mleta uzi nimerudi. Nimekata chupa. Sasa na hicho kijiti cha kivuli nipe maelekezo kamili, tarehe gani na saa ngapi, nataka watoto waone siku ya kukosa kivuli na nisiwadanganye.

#18 Mleta uzi

Mwalimu umenifurahisha kupita kiasi. Sikiliza.

Kijiti kiwe cha mita moja, kimenyooka, kichomeke pasipo na mteremko, simamisha kwa timazi, uzi na jiwe vinatosha. Kama uko Dodoma mjini au Chamwino tarehe ni 8 au 9 Oktoba, na mwanzoni mwa Machi ni tarehe 4 au 5. Kama uko Kondoa, Oktoba inawahi siku chache, kama tarehe 5, maana jua linatoka kaskazini linashuka kusini linapita kwenu kwanza, na Machi linachelewa, tarehe 7 au 8, maana linarudi. Oktoba waanze kuweka vijiwe saa sita na dakika tano, kivuli kitapotea kwenye saa sita na dakika 25 hivi. Machi kitachelewa, saa sita na dakika 48 hivi. Watoto wenye akili watakuuliza kwa nini zinatofautiana wakati mahali ni palepale. Usiwajibu siku hiyo. Waambie waendelee kupima kila Jumatano waone saa yenyewe inavyosogea, halafu utawafundisha kwamba dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima na tena imeinama, kwa hiyo jua linawahi miezi mingine na kuchelewa mingine.

Mawingu ya Machi yanaweza kukuharibia, masika bado hayajaisha. Oktoba anga letu ni safi, anza na hiyo. Tarehe 8 ikiangukia wikiendi fanya Ijumaa au Jumatatu, kivuli kitakachobaki hakitazidi upana wa vidole viwili.